Nafsi na Adabu katika Mwanzo wa Sura ya Abasa

Sura ya 80 ya Kurani yaanza kwa kitendo kisichotajwa mwenyewe: mtu alikunja uso, akageuka, kwa kuwa alijiwa na kipofu. Kwa mapokeo yaliyoenea, mtu huyo ni Mtume Muhammad, aliyekuwa Maka akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, na kipofu ni Abdullah bin Umm Maktum. Aya mbili za kwanza zimo katika nafsi ya tatu; ya tatu yamgeukia msikilizaji kwa nafsi ya pili. Wanabalagha wa Kiarabu huuita mgeuko huu iltifati.

Wako walioona kwamba kumsema mtu naye yupo ni ukali zaidi. Rai hiyo haina nguvu ikilinganishwa na desturi ya Kitabu chenyewe. Katika sura ya 9, aya ya 43, msamaha watangulia swali la lawama. Tena Adamu, Nuhu, Ibrahimu na Musa huitwa kwa majina yao. Jina la Muhammad latokea mara 4, wala halitumiki hata mara moja katika wito. Huitwa kwa cheo, hata pale anapoulizwa, mwanzoni mwa sura ya 66, kwa nini ajiharimishia lililo halali. Basi katika Abasa kosa latajwa kwa mbali, na mafunzo ndiyo yatolewayo uso kwa uso.

Kiswahili kina vyombo vya kutosha kwa kazi hii: kiambishi a- chageuka u-, na msikilizaji hushtuka kama ashtukavyo Mwarabu. Mfasiri atiaye neno “Mtume” katika aya ya kwanza, japo kwa mabano, aua mshtuko huo. Zaidi ya hayo, afunga mjadala ambao matini imeuacha wazi, kwani Sharif al-Murtadha na wanazuoni wengi wa Kishia hawakubali kwamba aliyekunja uso ni Mtume. Mahali pa habari hiyo ni katika maelezo, na tafsiri za Godfrey Dale (1923), Mubarak Ahmad (1953) na Abdullah Saleh al-Farsy (1969) zote zina maelezo.

Neno “kipofu” nalo lataka uangalifu. Kiarabu kimelitia alama ya ujulisho. Kiswahili hakina alama hiyo, na “kipofu” peke yake aweza kuwa kipofu yeyote. “Yule kipofu” lakaribia zaidi.