Dawa ya injini: umepima kwanza, au umemimina tu?

Ukiingia duka la spea hapa Arusha utavikuta vimepangwa kaunta: vichupa vya kumimina kwenye tangi la dizeli, na makopo ya kuongeza kwenye oili. Maneno yake hayatofautiani sana. Kinapunguza matumizi ya mafuta, kinarudisha nguvu, kinaondoa moshi. Mafundi wanaviita "dawa". Sawa, lakini dawa hutolewa baada ya vipimo. Leo tuyapime hayo maneno.

Tuanze na mjomba wangu. Ana Hilux ya zamani, injini ya 3L isiyo na turbo. Anashusha kabichi na viazi kutoka Olkokola, ubavuni mwa Mlima Meru, mpaka soko la Kilombero. Akirudi na mifuko ya mbolea gari linaishiwa pumzi na kutoa moshi mweusi. Akauziwa kichupa cha kwenye tangi. Moshi ukabaki. Akauziwa cha pili.

Sasa fikiria kidogo. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu asilimia 13. Ukipanda hadi mita 2,000, umepoteza karibu moja ya tano. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, na pampu nyingi za zamani hazijui kama umepanda mlima: zinaendelea kumwaga dizeli ileile. Dizeli nyingi, oksijeni kidogo, matokeo yake ni masizi. Huo ndio moshi mweusi. Hakuna kichupa kinachoweza kuongeza hewa kwenye silinda. Kupunguza mzigo kunasaidia. Kushuka gia mapema kunasaidia. Fundi wa pampu akipunguza kiasi cha dizeli, moshi unapungua, ingawa nguvu haiongezeki.

Dai la pili: "huunguza mafuta yote." Linavutia, lakini injini ya dizeli yenye afya tayari inaunguza zaidi ya asilimia 98 ya mafuta inayopewa. Nishati nyingi haipotei kwa sababu dizeli haikuungua. Inapotea kama joto, kupitia ekzosi na rejeta, na kichupa hakigusi huko. Kwa hiyo anayekuahidi kuokoa asilimia 20 kwa "kuunguza mafuta yote" anakuahidi kitu ambacho hakimo ndani ya tangi.

Na hesabu ya mfukoni je? Tuseme kichupa kinauzwa bei ya lita 5 za dizeli na kinatosha tangi la lita 60. Umelipa pesa ya lita 65 lakini una lita 60. Ili usipate hasara, matumizi lazima yashuke kwa karibu asilimia 8. Hapo hujapata faida hata shilingi moja, umerudisha pesa yako tu.

Tuje kwenye oili. Oili ya dizeli ya 15W-40 unayonunua dukani si oili tupu. Imeshachanganywa kiwandani na vitu vya kusafisha, vya kuzuia povu, vya kupunguza kulika kwa vyuma na vya kudhibiti mnato, kwa vipimo vilivyojaribiwa pamoja. Ukiongeza kopo la pili unabadilisha mchanganyiko huo bila kujua umefika wapi. Makopo mengi ya "kuzuia kula oili" kazi yake kubwa ni kuongeza mnato. Oili nzito inapita kwa shida kwenye ringi zilizolika, hivyo moshi wa bluu unapungua na mlio unatulia. Lakini ringi ni zilezile. Ndiyo maana mnunuzi wa gari la mtumba aangalie sana injini iliyotulia ghafla.

Haya si mashaka ya huku kwetu tu. Mwaka 1996 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki wauzaji wa Slick 50, dawa ya oili iliyotangazwa sana, kwa kutoa madai yasiyo na ushahidi wa kutosha. Mwaka 1997 walikubali kutorudia madai ya namna hiyo bila ushahidi wa kisayansi.

Lakini tuwe wa haki. Kemia ya viongezeo ni ya kweli. Visafishaji vingine vinaondoa kweli uchafu kwenye nozeli, ila nozeli iliyolika haiponi kwa kusafishwa. Vipo pia vinavyoongeza ulainishaji wa dizeli, na hilo lina maana kwetu. Pampu nyingi za zamani zinalainishwa na dizeli yenyewe, na dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inalainisha vibaya. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe. Angalia dawa iliyofanya kazi hapo: kipimo na kodi.

Mjomba alipoongeza kopo kwenye oili, moshi wa bluu ulitulia kwa muda, kisha ukarudi mkubwa zaidi. Injini ilipofunguliwa, ringi na silinda zilikuwa zimelika. Filta ya hewa ilikuwa imepulizwa kwa kompresa mara nyingi mpaka karatasi ikachanika. Vumbi la barabara zetu lina majivu ya volkano, yenye chembe ngumu kama msasa, na lilikuwa likiingia ndani kila siku. Filta mpya ingegharimu kidogo sana ukilinganisha na kufungua injini. Mbaya zaidi, ule utulivu wa oili nzito ulimfanya aendelee kubeba mzigo wakati angepaswa kusimama.

Kwa hiyo kabla hujanunua, fanya hivi. Angalia filta ya hewa. Toa maji kwenye filta ya dizeli. Pima kompresheni, na hakikisha oili ni ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Bado unataka kujaribu kichupa? Jaza tangi mpaka juu, safiri njia ileile na mzigo uleule mara nne, jaza tena kila ukirudi na uandike lita. Kisha rudia mara nne ukiwa na dawa. Ukiweza, mtu mwingine ndiye amimine na dereva asijue ni lini, maana anayejua kuna dawa hukanyaga mafuta taratibu.

Ukipata tofauti, tuletee namba zako. Tutazichapisha hata kama zinatupinga.