Kipimo Kinapobadili Lugha: Uhakiki wa Modeli za Ukuaji wa Ujifunzaji

Makala haya yanahakiki dhana inayobeba modeli za kitakwimu za kupima ukuaji wa ujifunzaji, yaani kwamba kilichopimwa mwanzoni na kilichopimwa baadaye ni kitu kimoja. Hoja yetu ni kwamba katika Afrika Mashariki dhana hiyo huvunjika mahali panapojulikana na kila mwalimu: pale lugha ya kufundishia inapobadilika.

Modeli mashuhuri zaidi ilitokea Tennessee, Marekani. William Sanders, mtakwimu aliyezoea data za kilimo, aliunda mfumo wa kukadiria thamani ambayo mwalimu huwaongezea wanafunzi wake, na jimbo hilo likaupa nguvu ya kisheria mwaka 1992. Ubora wake haupaswi kubezwa: mtoto hulinganishwa na alama zake mwenyewe za nyuma, badala ya shule ya watoto wa matajiri kusifiwa kwa walichokuja nacho. Hata hivyo, mwaka 2014 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitahadharisha kwamba tafiti nyingi za aina hii humwona mwalimu akieleza kati ya asilimia 1 na 14 tu ya tofauti za alama. Mwaka 2017 mahakama ya shirikisho iliruhusu kuendelea kwa madai ya walimu wa Houston kwamba wasingeweza kuthibitisha usahihi wa alama walizopewa, kwa kuwa kanuni za ukokotoaji zilikuwa siri ya kampuni.

Kwetu tatizo liko chini zaidi ya hapo. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania hufanya mtihani wa Darasa la Saba kwa Kiswahili, kisha hupimwa Kidato cha Pili kwa Kiingereza. Tukiziunganisha alama hizo kwa mlinganyo mmoja, mtoto anayeelewa usanisinuru barabara lakini hawezi kuueleza kwa Kiingereza ataonekana amerudi nyuma. Watetezi wa modeli hujibu kwamba kikwazo kinachowapata wote hakiathiri ulinganisho. Jibu hilo lingetosha iwapo kingewapata wote. Waliosoma shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza hawabadili lugha. Sekondari inayowapokea wengi wao itaandikiwa ukuaji mkubwa bila mwalimu wake kufanya lolote la ziada, na shule ya kata italipa gharama ya sera ambayo haikuitunga. Kuingiza katika modeli alama za somo la Kiingereza hupunguza upotofu huo, lakini hakuuondoi: kufaulu lugha kama somo si sawa na kujifunza fizikia kwayo. Nchini Uganda mpito huja Darasa la Nne katika shule zinazoanza kwa lugha za wenyeji, ilhali shule nyingi za mijini hutumia Kiingereza tangu mwanzo. Mwaka wa mpito ni tofauti. Kasoro ni ileile.

Vipimo vya usomaji wa awali navyo havijasalimika. Kuhesabu maneno sahihi kwa dakika huchukulia kwamba neno ni kizio kimoja katika lugha zote. Neno *hawatakuja* huhitaji maneno manne ya Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili ataonekana mzito, na kasi zake katika lugha mbili haziwezi kuchorwa kwenye mstari mmoja. Ama tathmini za Uwezo, ambazo huwapima watoto hadi umri wa miaka 16 kwa kiwango cha Darasa la Pili, zina thamani kubwa kama picha ya hali ilivyo. Ila hazimfuatilii mtoto yuleyule, na anayezisoma kama ukuaji anazibebesha mzigo zisioumudu.

Tunapendekeza mabaraza ya mitihani yaanze na jambo dogo: sampuli ya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wajibu maswali yaleyale ya sayansi na hisabati kwa lugha zote mbili, kwa nyakati tofauti, ili pengo la lugha likadiriwe peke yake. Hadi hapo, alama za ukuaji zitolewe kwa kutenganisha lugha ya shule ya msingi, na zisihusishwe na mishahara wala uhamisho wa walimu.