Huria Si Bure: Maoni Juu ya Istilahi za Leseni za Programu

Neno "bure" limezoeleka mno katika kufasiri leseni za programu za kompyuta ambazo wenyewe wamewaruhusu watu wote kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Tafsiri hiyo haifai. "Bure" huhusu bei. "Huria" huhusu ruhusa. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, haikuuzwa, lakini haikukosa leseni. Aidha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda programu ya kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni kuchanganya "sharti" na "ahadi". Huko Marekani, Robert Jacobsen alimshtaki Matthew Katzer kwa kunakili sehemu za programu huria ya kuendeshea garimoshi za mfano pasipo kuwataja waandishi wake. Mahakama ya kwanza iliyaona maneno ya leseni kuwa ahadi za mkataba tu. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo: maneno yale yalikuwa masharti ya ruhusa yenyewe, na anayeyakiuka aweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki. Kesi nzima iliegemea maneno machache yenye maana ya "mradi tu".

Tofauti hii si ngeni kwetu. Mfugaji wa Iramba au Manyoni, mkoani Singida, akimkabidhi jirani ng'ombe, akamruhusu kumkamua mradi asimwuze, hakuna mzee atakayesema kuwa ng'ombe huyo ametolewa bure. Jirani akimpeleka mnadani, hakuvunja ahadi tu. Ameuza mali ya mwenziwe.

Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, uzembe wa mfasiri waweza kumpotezea mtu haki yake. Kwa hiyo twapendekeza: "programu huria" itumike badala ya "programu ya bure", "sharti" liwekwe pale tu ruhusa inapolitegemea, na "ahadi" ibakie kwa wajibu wa mkataba. Walimu nao wawaeleze wanafunzi kwamba kuruhusiwa kunakili si kumilikishwa.