"Kizuia Sauti": Jina Moja, Kazi Mbili

Katika viunga vya Dar es Salaam, kuanzia Mwananyamala na Kinondoni hadi Tandika na Mbagala, vijana wengi wamegeuza vyumba vya nyumbani kuwa studio za kurekodia muziki. Pamoja na studio hizo limeenea neno "kizuia sauti", nalo hutumika kwa kila pambo linalobandikwa ukutani: sponji, trei za mayai, mazulia, mapazia, hata vitenge na mikeka ya ukindu. Kwa maoni yetu neno hilo halifai kuwa istilahi, na hapa tunaeleza sababu zetu.

Kasoro ya kwanza ni kuchanganya dhana mbili. Sauti inayogonga ukuta hugawanyika: sehemu hurudi chumbani, sehemu hugeuka joto ndani ya ukuta, na sehemu hupenya upande wa pili. Kupunguza sauti inayorudi ni kazi ya vitu laini vyenye vitundu. Kupunguza inayopenya huhitaji uzito, pamoja na kuziba nyufa za milango na madirisha. Trei ya mayai ni nyepesi mno. Haiwezi kumkinga jirani na ngoma.

Tofauti hii ina historia ndefu. Mwaka 1895 Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kuchunguza ukumbi wa mihadhara ambamo maneno hayakusikika vema. Aliingiza mito ya viti na kupima muda ambao sauti ilidumu. Kanuni yake ni hii: ujazo wa chumba kwa mita huzidishwa kwa 0.161, kisha hugawanywa kwa jumla ya ufyonzaji. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7 na saruji pande zote, tukikadiria kwamba saruji hufyonza asilimia 3 ya sauti, hudumisha sauti kwa sekunde 2.8 hivi. Tukifunika mita za eneo 12 kwa mapazia mazito yenye mikunjo, yanayofyonza nusu ya sauti, muda hushuka hadi sekunde 0.7. Mwimbaji atafurahi, jirani bado atasikia.

Kasoro ya pili ni kuita hali hiyo "mwangwi". Mwangwi ni sauti inayorudi na kusikika peke yake, kama mtu anapoita mbele ya jabali. Katika chumba kidogo sauti zinazorudi huungana na kufifia pamoja. Hali hiyo tunapendekeza iitwe "mrindimo".

Kasoro ya tatu ni kuficha mipaka ya kifaa. Sauti nzito ya mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita 3.4 hivi. Kitenge kilichobanwa ukutani hakiigusi. Kitenge hicho kikifunika fremu nene iliyojazwa sufi au usumba, hapo kinafaa zaidi.

Yapo maoni kwamba wananchi wamekwisha kulizoea neno hili. Ni kweli, wala hatutaki kuwasahihisha mitaani. Lakini anayetafsiri maelezo ya bidhaa, au anayeandika barua kuhusu Kanuni za Kelele za mwaka 2015, hana budi kutofautisha. Kijana atakayenunua sponji akidhani atawanyamazishia majirani besi zake atapoteza fedha, na mashtaka hayatakwisha. Tena sponji ya godoro hushika moto upesi na kutoa moshi wenye sumu. Jina "kizuia" humpa imani isiyostahili.

Kwa hiyo tunapendekeza: "kifyonza sauti" kwa kinachopunguza mrindimo; "kihami sauti" kwa kinachopunguza upenyaji, kwa kufuata kihami cha umeme na cha joto; na "kitawanya sauti" kwa kinachoirudisha sauti pande nyingi. Maneno haya yana mizizi inayojulikana, na mwalimu aweza kuyafundisha kwa pazia, tofali na rafu ya vitabu. Tunawaomba wasomaji wayajaribu kazini na kutuletea maoni yao.