Mstari na Kitenzi Chake

Daftari langu moja lina ukurasa kuhusu upepo wa kaskazi. La pili lina maelezo ya boriti za mikoko: hukatwa urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. La tatu linaeleza nyumba za mawe za Lamu, pamoja na swali nililoliacha bila jibu: mbona vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba? Madaftari hayo yalikaa miaka kwenye rafu moja bila kujuana.

Nikayapiga picha, nikaipa akili mnemba iyasome na kufumua kila sentensi katika vipande vitatu: kitu, kitenzi, kitu. Kaskazi huleta majahazi. Majahazi hubeba boriti. Boriti hushikilia dari. Kisha programu ya kuchora ikageuza kila kitu kuwa nukta na kila kitenzi kuwa mstari. Nukta husukumana kama sumaku zinazokataana, mistari huzivuta kama springi, na mvutano huo ukitulia, vinavyohusiana hujikuta jirani. Boriti ilitua katikati, mkono mmoja baharini, mwingine darini. Hapo nikaona jibu: upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa mti unaobeba dari yake.

Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, alifanya kazi ya namna hii kwa mkono. Alipofariki mwaka 1998 aliacha kadi za madokezo zipatazo 90,000. Kadi 1 ilizaa 1a, nayo 1a ikazaa 1a1, na ndani ya kadi aliandika namba ya nyingine iliyo mbali, droo tofauti kabisa. Kila namba ya namna hiyo ilikuwa uamuzi wa mtu aliyesimama akafikiri. Uamuzi huo ndio ufundi wenyewe, na mashine haijauondoa.

Nalisema hili kwa sababu mchoro wangu wa kwanza ulikuwa kichaka. Mashine iliunganisha kaskazi na kaskazini, upepo ukawa upande wa dunia. Ikaweka Unguja nukta mbili kwa kuwa mahali pengine niliandika Zanzibar, ingawa nilikusudia kisiwa kilekile. Baya zaidi, kila iliposhindwa kuelewa, iliandika juu ya mstari: "inahusiana na". Maneno hayo hayaelezi chochote. Kila kitu duniani kinahusiana na kingine. Fundi huuliza kinahusiana vipi.

Basi nilikaa jioni kadhaa nikipitia mistari mmoja mmoja. Huu nikaufuta. Huu nikaupa kitenzi: hukata, huuza, hurithi, huzuia. Palipokosekana kitenzi nilirudi daftarini, na mara nyingi niligundua kwamba kosa halikuwa la mashine. Mimi mwenyewe niliandika vitu viwili bega kwa bega bila kujua nini kinavifunga. Mchoro ukapungua mistari, ukaanza kusomeka kama mkeka ambao kila ukindu una sababu ya kupita pale ulipopita.

Kuna uzuri mkubwa katika kuona fikra zako za miaka zimetandazwa mbele yako, zikikuonyesha njia ulizopita bila kujua. Lakini faida niliyobaki nayo iko kwenye karatasi. Siku hizi nikiandika dokezo, siinui kalamu kabla sijalipa kitenzi.