Wahesabu Ndege wa Lutembe

Desemba na Januari, Ulaya ikishikwa na baridi, mgeni mwenye manyoya anatua Kampala bila viza. Mbayuwayu wanajaa angani, na kwenye ghuba ya Lutembe, upande wa barabara ya Entebbe, buabua wenye mabawa meupe wanatua kwa maelfu yasiyohesabika kwa urahisi. Lakini wapo wanaowahesabu, na hao ndio ninaowapa pongezi leo: watu wa shirika la NatureUganda.

Mizizi yao iko kwenye chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1909. Kila Januari wanapanda mitumbwi na darubini shingoni kuhesabu ndege wa majini, kundi baada ya kundi. Ni kazi ya subira, na ndiyo inayotoa ushahidi. Lutembe na Mabamba, ghuba nyingine iliyo makao ya korongo domo-kiatu, ziliingia katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu mwaka 2006, lakini karatasi pekee haizuii mashamba ya maua wala kifusi kinachomwagwa majini. Hesabu ya kila mwaka ndiyo inayoonyesha ghuba inapopoteza wageni wake.

Ninachokipenda zaidi ni matembezi yao ya mjini, ambapo mwanafunzi na mstaafu hufuatana njia moja. Kwa wengi wetu kaloli, yule korongo mkubwa wa mjini, ni ndege wa jalala tu. Tembea nao ukamtazame juu ya kiota chake, akiwalisha makinda. Nendeni, na watoto mwende nao.