Shujaa wa Campbell na Kiu ya Mji

Kitabu cha Joseph Campbell, The Hero with a Thousand Faces, kilitoka mwaka 1949, na sisi vijana tunaojaribu kuandika bado tunaazimana. Mimi nilikimaliza kwa siku nne. Kusema kweli kilinikamata. Hoja yake ni kwamba ngano za dunia nzima zina shujaa mmoja anayebadili sura tu: huondoka kwao, hupita kwenye mitihani, hurudi na zawadi kwa watu wake. Siddhartha anaacha jumba la baba yake, anakaa chini ya mti mpaka anazinduka, kisha anaenda kufundisha. Inaingia barabara!

Lakini Buddha alifundisha nini? Kwamba hakuna nafsi ya kudumu ya kung'ang'ania. Campbell anayajua mafundisho hayo na anayaeleza vizuri, ila ramani yake haiyahitaji. Kwenye ramani, Buddha na muuaji wa majoka wamepanga foleni moja.

Sasa mlete Fumo Liyongo wetu, ambaye Muhammad Kijumwa alimwandikia utenzi mwaka 1913. Mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa na mtawala wa Pate, anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, anafia hapo hapo. Watu wakimwona wanadhani yu hai, hawathubutu kuteka maji. Mama yake anakwenda kumbembeleza maiti. Campbell hakukisahau kifo cha shujaa, sawa. Lakini hapa zawadi iko wapi? Shujaa ameuachia mji kiu! Na kiu hiyo ndiyo hadithi yenyewe, jamani.

Nasema haya kwa sababu yamenikuta. Riwaya yangu ina kijana kondakta wa daladala aliyemwibia mama yake. Baada ya kusoma Campbell nikampanga upya: akaondoka, akateseka, akarudi na fedha na busara. Rafiki yangu alisoma, akanirudishia daftari akaniuliza, "Huyu nani tena? Yule mwizi yuko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilichana kurasa arobaini.

Kosa halikuwa la Campbell. Yeye alitafuta yale yanayofanana, mimi nikayageuza kuwa kanuni ya kuandikia. Basi wenzangu, kisomeni, kitawaonyesha undugu wa hadithi za watu walio mbalimbali. Ila ukishika kalamu, muulize mhusika wako kwanza kama ana nia ya kurudi.